Mlio Ambao Milembe Hakuusikia

Vijana wangu, mratibu wenu wa michezo aliniomba nije niongee nanyi kwenye mafunzo yenu ya uamuzi hapo Bariadi. Nilimwambia ukweli kwamba sina hamu tena ya kusimama mbele ya watu. Nimesimama miaka zaidi ya thelathini kwenye viwanja visivyo na kivuli, kuanzia Meatu hadi Busega, na goti langu la kushoto limeshasema imetosha. Kukaa na kuandika naweza, ilimradi niwe napumzika katikati. Mkiona mahali nimeruka kutoka jambo moja kwenda jingine, jueni hapo nilikwenda kujilaza.

Mimi ni Mwalimu Kabula. Nilifundisha hisabati shule za msingi, ila hakuna anayenikumbuka kwa hisabati. Wananikumbuka kama yule mama wa kuanzisha mbio. Ni kazi ndogo ukiitazama kwa mbali. Unasema "kwenye mistari", unasema "tayari", unapiga mlio, watoto wanaondoka, wewe unabaki nyuma na vumbi lao. Hakuna anayekupigia makofi. Ukikosea ndipo uwanja mzima unalijua jina lako.

Aliyenifundisha ni Mzee Maduhu, mwalimu wa Kimali, mtu mrefu asiyecheka. Wakati huo hatukuwa na bastola. Tulikuwa na vibao viwili vya mninga vilivyounganishwa kwa bawaba ya mlango. Unavifungua juu ya kichwa, unavifunga kwa nguvu, paa, watoto wanakimbia. Siku ya kwanza aliponiachia vibao nilivifunga na kidole changu kikiwa katikati. Nilipiga ukelele, na watoto wakaondoka kwa ukelele wangu. Mzee Maduhu aliwaacha wamalize. Kisha akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, mlio ni mlio. Ila kesho tumia vibao."

Mengine aliyonifundisha yachukueni, maana bado yanafaa. Mtoto akiwa kwenye mstari usimtazame usoni, mtazame miguuni. Ukishasema "tayari" usikae muda ule ule kila mara, maana wajanja wanaizoea hesabu yako na wanaondoka nayo. Usianze kamwe kabla hujawaona washika saa kule mwisho wameinua mkono. Na bastola zilipofika, akanifundisha jambo ambalo wengi wenu hamlijui kwa sababu mnatumia mashine. Mshika saa hasikilizi mlio. Anatazama moshi. Sauti inachelewa kufika mita mia moja, moshi unaonekana pale pale.

Hilo nililijua kwa aibu. Kuna mwaka baruti ilipata unyevu, mlio ukatoka bila moshi, na washika saa wote wakabaki na saa zimelala. Ikabidi watoto warudie mbio. Binti aliyeshinda mara ya kwanza akawa wa tano mara ya pili. Leo anauza vitenge sokoni hapa mjini, na kila nikipita ananiuliza kama baruti yangu imekauka.

Haya ndiyo ningewaambia kama ningekuja. Lakini kuna mtoto mmoja ninayetaka mumjue, na mnisamehe, ndiye atakayekula kurasa zilizobaki.

Anaitwa Milembe, wa Migato kule Itilima. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa na miaka kama kumi na minne. Alizaliwa kwa shida, akapata mtindio wa ubongo. Upande wake wa kulia umekaza: mkono umekunjika kifuani, mguu anakanyaga kwa vidole, kisigino hakishuki. Juu ya hayo, hasikii. Sikio la kushoto linapata ngurumo ya radi na honi ya lori, basi. Maneno hayafiki.

Ilikuwa mashindano ya watoto wenye ulemavu. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, nimeshaanzisha mbio nyingi, jua liko utosini. Nikawaita wa mita mia moja. Walikuwa sita. Nikasema "kwenye mistari", wakasogea. Nikasema "tayari". Mtoto wa njia ya tatu akasogeza mguu kidogo kutafuta pa kukanyaga, na hapo hapo Milembe wa njia ya nne akaondoka.

Nikapuliza filimbi ya kurudisha. Wengine hawakuwa wameondoka, kwa hiyo niliyempulizia ni yeye peke yake. Hakurudi. Alikimbia na mkono wake kifuani, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye vumbi, akakimbia mpaka mwisho peke yake. Watu wakaanza kucheka. Alipofika kwenye utepe aliugusa kwa kifua, akageuka, akainua mkono wa kushoto juu. Hakuona mtu nyuma yake. Akadhani amewaacha wote mbali.

Mimi nikainua kitambaa chekundu. Ameondoka kabla ya mlio, ametolewa. Nikaendelea na watano waliobaki.

Baadaye, nikiwa nakula wali wangu nyuma ya jukwaa, akaja mwanamke mmoja amejifunga kitenge, amemshika yule binti mkono. Akapiga goti kidogo kama tunavyofanya huku, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Karibu."

"Mimi ndiye mama yake huyu. Anataka kujua zawadi yake iko wapi. Mimi sijui nimwambieje, ndiyo maana nimemleta kwako."

Nikamweleza sheria. Nikamwambia aliondoka kabla ya mlio.

"Mlio upi?" akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. "Huyu hasikii, mwalimu. Anatazama miguu ya mwenzake. Mwenzake akiondoka, naye anaondoka. Leo mwenzake alisogea, akajua tayari."

"Mama, sheria ni moja kwa wote."

"Sawa," akasema. "Basi mwambie wewe."

Nikabaki na kijiko mkononi. Milembe ananitazama mdomo. Sikujua hata ishara moja. Nikatikisa kichwa hivi, hapana. Akatazama mama yake, akanitazama tena, akaondoka mbele. Mama Milembe akasema asante, akamfuata. Ule wali sikuumaliza, ila msinisifu. Nilikwenda nikaanzisha mbio za mchana kama kawaida.

Ulipita mwezi mzima kabla sijakubali nilichokuwa najua. Nilikuwa najua kwa sababu Mzee Maduhu aliniambia mwenyewe, na nimewaambia nyinyi hapo juu: mshika saa haanzi kwa sauti, anaanza kwa jicho. Miaka yote hiyo watu wazima wenye masikio mazima tuliwaruhusu waanze kwa jicho. Mtoto asiyesikia tulimwambia asikilize.

Nikapanda bodaboda kwenda Migato. Mvua zilikuwa zimeanza, udongo ule mweusi unanata, tulisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda. Nilifika nimelowa mpaka shingoni. Baba yake alikuwa anarudisha ng'ombe. Aliposikia nimefuata mbio, akauliza, "Akikimbia sana, mguu utanyooka?"

"Hapana, baba. Hautanyooka."

"Sasa itamsaidia nini?"

"Sijui. Ila nilimwona anapenda."

Akafikiri, akasema, "Hilo ni kweli, anapenda," akaingia zizini.

Milembe alinitambua mara moja. Alisimama katikati ya uwanja wa nyumba, akakunja goti lake, akatembea kama ninavyotembea mimi, na akainua kitambaa cha hewani kwa uso wa hasira. Mama yake akataka kumkaripia. Nikamwambia amwache, maana ameniiga vizuri.

Tukaanza hivyo, karibu kila Jumamosi. Nilibeba bastola ya zamani na baruti chache zilizobaki ofisini. Nilijifunza ishara kwa mama yake, zile za nyumbani walizotunga wenyewe, kisha mwalimu mmoja wa watoto viziwi akanisahihisha nyingine. Tuligundua mambo polepole. Hawezi kuinama na kushika chini, kwa kuwa mkono wa kulia haubebi uzito, kwa hiyo anaanza amesimama. Akikaa kwenye "tayari" kwa muda mrefu mwili wake unaanza kutetemeka wenyewe, na hapo anaweza kusogea bila kupenda. Nikisimama kulia kwake, shingo inakaza akigeuka. Nikisimama mbele kidogo upande wa kushoto, anaiona bastola bila taabu. Moshi ukitoka, anaondoka.

Siku ya kwanza moshi ulipotoka akaondoka wakati ule ule na wenzake wa shule niliompanga nao, alisimama katikati ya mbio. Alisimama kabisa, akageuka kunitazama. Wenzake wakampita. Alishangaa kwamba hakuna aliyemtangulia. Nilimwambia kwa mikono, kimbia, kwa nini umesimama? Akajibu, na mama yake akanitafsiria, "Anauliza kama ndivyo wengine wanavyoanzaga siku zote."

Nikamwambia ndiyo, siku zote.

Mwaka uliofuata alishinda wilayani, akashinda mkoani. Kwetu waamuzi walinikubalia nisimame ninapotaka. Tukaitwa Mwanza kwenye majaribio ya kuchagua timu ya kanda. Walikuwa wanachukua watatu katika kila mbio, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nilitaka hilo moja litimie, kisha nikalale.

Mezani pa kujiandikisha walitupa fomu. Ina sehemu ya wasiosikia na sehemu ya wenye mtindio wa ubongo. Nikaweka alama kote kuwili. Dada aliyekuwa mezani akanirudishia.

"Mwalimu, chagua moja."

"Anayo yote mawili."

"Naona. Lakini mtoto mmoja anaingia kundi moja."

"Mwanangu, kundi la wasiosikia wana miguu mizima. Kundi la mtindio wa ubongo wana masikio mazima. Huyu nimpeleke wapi?"

Hakuwa na roho mbaya. Aliitazama ile fomu kama vile naye ndiyo kwanza anaiona. "Sina sehemu ya tatu, mwalimu," akasema. "Kweli sina."

Nikamweleza Milembe kwa mikono. Hakusita. Akagusa mguu wake. Kundi la miguu. Kuhusu masikio alininyooshea kidole mimi, maana yake hilo ni juu yako.

Tatizo ni kwamba Mwanza hawakuwa na bastola ya moshi. Walikuwa na mashine, unabonyeza kitufe, mlio unatoka kwenye spika nyuma ya kila mkimbiaji. Ni nzuri, kila mtoto anasikia kwa wakati mmoja. Kila mtoto isipokuwa wangu. Mwanzishaji alikuwa kijana mmoja mpole, Elisha, anaifahamu kazi kunishinda mimi. Nikamwendea nikamweleza.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Wewe simama mbele yake na kitambaa. Ukisikia mlio, kishushe. Kesho asubuhi tujaribu kabla ya mbio."

Asubuhi tukajaribu. Elisha akabonyeza, nikashusha, Milembe akaondoka. Alichelewa. Tukarudia, akachelewa. Wale wasichana wengine waliokuwa wanapasha misuli, wakiondoka kwa mlio ule ule, walikuwa hatua mbili mbele yake ndipo anaondoka. Nikamkasirikia. Nikamwambia, amka, fungua macho. Akanitazama, akachukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakiinua, akakishusha polepole kama mtu anayeanika nguo.

Elisha alikuwa ameona. Akanivuta pembeni.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Usinichukie. Mtoto hana tatizo. Wewe unasikia kwanza, ndipo mkono unashuka, ndipo yeye anaona. Anakusubiri wewe."

"Mkono wangu umechelewa."

"Mkono wa mtu yeyote ungechelewa."

Alisema hivyo kwa heshima. Lakini nilimwona alivyotazama chini, na mimi naijua kazi hii. Mkono wa kijana ungechelewa kidogo. Wangu ulichelewa sana. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwa mkono huo tangu sina mvi, na sasa mtoto niliyempenda kuliko wote ndiye aliyekuwa anaulipia.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nilichoka namna ambayo usingizi hauiondoi. Nikamwambia Elisha, "Basi shusha wewe. Kidole chako kinabonyeza, mkono wako mwingine unashuka. Hapo hakuna wa kusubiriwa."

Akafikiri. "Nikishusha kabla sijabonyeza, nawaonea wengine."

"Kwa hiyo usishushe kabla."

Akacheka kidogo. Akaenda kwa mwamuzi mkuu, wakazungumza kwa muda. Kocha mmoja akapinga, akasema mtoto mmoja hawezi kuhamisha mwanzishaji. Mwamuzi mkuu akamwambia Elisha afanye mara kumi mbele yao wote bila wakimbiaji. Akafanya, mkono na mlio, mkono na mlio, yule kocha akiwa amekaza macho. Mwishowe kocha akainua mabega, akaondoka. Wakamruhusu asimame upande wa kushoto, mbele ya mstari, ambapo Milembe angemwona.

Nikampa Elisha kitambaa. Ni kile kile chekundu, sikuwa na kingine. Nikarudi kwenye benchi kwa Mama Milembe. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama mbio nikiwa nimekaa.

Wakaitwa. Walikuwa wanane. Milembe njia ya pili, amesimama, mkono kifuani, macho kwa Elisha. Niliomba asiwaweke muda mrefu kwenye "tayari", na kwa kweli hakuwaweka. Mkono ukashuka.

Waliondoka wote wanane pamoja. Vijana, nimeanzisha mbio ambazo siwezi kuzihesabu, na sijui kama nimewahi kuona mstari umeondoka sawasawa vile. Mama Milembe alinishika paja kwa nguvu, alama zilibaki siku mbili. Mpaka katikati alikuwa wa tatu. Mguu wa kulia ukaanza kukaza, kama unavyokazaga akichoka, akawa anaurusha kwa pembeni. Msichana mmoja mrefu wa njia ya sita akamfikia. Wakaenda sambamba hatua kadhaa. Kwenye utepe yule mrefu akatangulia kifua.

Milembe akawa wa nne. Walichukua watatu.

Nilibaki nimekaa. Sikutaka kwenda kumweleza, kama vile sikutaka siku ile na wali wangu. Nilijisemea nimemleta mtoto umbali wote huu, nimempa fomu isiyo na nafasi yake, nimempotezea asubuhi nzima kwa mkono wangu, na sasa narudi naye mikono mitupu. Mimi na Mama Milembe tulimwona mtoto anakuja taratibu kupitia kwenye nyasi, anachechemea kuliko kawaida, jasho linamtoka. Alipofika alikuwa anatabasamu, na mimi nikadhani tena hajaelewa. Nikainua vidole vinne, nikamwonyesha.

Akaitikia kwa kichwa. Alijua ni wa nne. Akaanza kuzungumza kwa mkono wake wa kushoto, haraka mno, nikapotea. Nikamgeukia mama yake.

"Anasemaje?"

Mama Milembe alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Anasema leo wamemshinda kwa miguu," akasema. "Anasema siku zote walikuwa wanamshinda kabla hajaanza. Leo wamemshinda kwa miguu tu."

Tulirudi siku hiyo hiyo. Basi lilipopita Nyashimo nilikuwa nimevua viatu, miguu imevimba, nawaza kitanda changu na miezi iliyobaki, na namna nitakavyolala wiki nzima bila kumwona mtu. Milembe alikuwa kiti cha mbele. Akageuka, akanigusa goti, lile bovu, akaonyesha chini, kisha akazungusha kidole: lini? Mazoezi lini?

Nikamwinulia vidole viwili. Keshokutwa.

Akavitazama. Kisha akausogeza ule mkono wake wa kulia uliokunjika, pole pole, akakishika kidole changu kimoja na kukikunja.